Kuni Mbichi na Haki ya Mpishi

Yuko atakayecheka akiulizwa: je, kumwuzia jirani kuni mbichi ni dhambi? Atajibu kwamba kuni ni kuni, na mnunuzi ana macho. Lakini neno hili si dogo kama lionekanavyo, nasi twawaomba wasomaji walipime.

Katika nchi ya Ushirombo, ambako Mapadre Weupe walianzisha misheni mwaka 1891, nyumba nyingi zapikia kuni za miombo. Miti hiyo ni migumu na mizito. Moto wake ni mkali na kaa lake ladumu. Walakini wema huo haupatikani siku ile ile shoka linapoanguka. Katika mti mbichi, theluthi ya uzito au zaidi ni maji. Gogo zima hukawia sana kukauka, kwa kuwa ganda huyazuia maji yasitoke. Hivyo yafaa lichanjwe lingali bichi, maana likikauka hushindana na shoka. Kisha vipande vipangwe juu ya kichanja, mbali na mchwa, upepo upate kupita katikati. Kuni zilizokauka barabara huonyesha nyufa nchani, na ukizigonganisha hulia kwa sauti kali.

Kuni mbichi zikitiwa jikoni, moto hutumia nguvu zake kwanza kuyafukuza maji. Chungu hukawia, kuni huisha upesi, na nyumba hujaa moshi.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, alifundisha kwamba muuzaji hana ruhusa kuficha kasoro isiyoonekana. Bali ikiwa kasoro i wazi, na bei imepunguzwa kwa ajili yake, hakuna hila. Basi afunikaye kuni mbichi kwa safu ya kavu juu ya mzigo ni mdanganyifu, naye apaswa kurudisha alichozidisha. Asemaye wazi kwamba ni mbichi, akapunguza bei, amemtendea mnunuzi haki.

Lakini mara nyingi anunuaye siye apikaye. Baba hufurahia bei nafuu. Mama, na mtoto mgongoni, huvuta moshi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu wapatao 3,200,000. Mapatano ya watu wawili sokoni hayawezi kumwondolea wa tatu haki yake.

Tusimtwishe mchanja kuni lawama yote. Huenda watoto wake wana njaa leo, na njaa haingoji kuni zikauke. Kuuza kuni mbichi kwa uwazi si dhambi. Kosa liko kwa mwenye nyumba aliyeweza kujiwekea akiba, akangoja mpaka kuni za mwisho ziishe, kisha akaleta mbichi na kudai ugali upesi. Na anunue mapema, mwezi wa Juni au Julai, hata zikiwa mbichi. Azichanje, azipange, azitumie wakati wa mvua. Hivyo mchanjaji apata fedha yake leo, na mpishi apata moto safi kesho.

Enyi akina baba, amri ya kumpenda jirani yawahusu kwanza walio chini ya paa lenu. Kiangazi kijacho, kabla ya kuhesabu mavuno, tazameni kama kichanja cha kuni kimejaa.