Kitunguu Kinachotembea

Masomo: Matendo ya Mitume 8:1-4 na 11:19-30, Yohana 12:24

 

Wengi wenu mnajua nilikuwa safarini. Kutoka mwisho wa Juni hadi mwisho wa Agosti nilikuwa Marekani, jimbo la Minnesota, kwa binti yangu. Mmeniuliza, mchungaji umetuletea nini? Nimewaletea kitunguu. Lakini hamtakiona kwa macho, kwa maana mmea wa kigeni hauingizwi nchini bila kibali cha KEPHIS, na siwezi kuhubiri utii Jumapili nikiwa na magendo kwenye sanduku. Kwa hivyo nimekibeba moyoni.

Kwanza niwaambie ukweli. Niliondoka hapa nikiwa na jambo ambalo sijawahi kulitaja katika madhabahu hii. Mama mchungaji alipolala, miaka mitatu iliyopita, binti yetu hakuja kumzika. Makaratasi yake yalikuwa hayajakamilika; angetoka kule, asingeweza kurudi. Alituma pesa, na gharama kubwa ya mazishi aliibeba yeye. Na mimi nilisema nini? Nilimwambia dada yangu jikoni, "Pesa haishiki koleo." Kila mtoto alitupa udongo kaburini, yeye hakutupa. Tangu siku hiyo nilikuwa nikimsalimu kwa simu vizuri tu, "Mungu akubariki, mama," maana amebeba jina la mama yangu. Lakini moyo ulikuwa umefungwa. Miaka mitatu nimewahubiria msamaha nikiwa na hilo kifuani. Mnisamehe.

Sasa sikieni habari ya kitunguu.

Nyuma ya nyumba ya binti yangu kuna kishamba kidogo, hakizidi vitanda viwili vya sukuma wiki. Mimi ni mtoto wa shamba, siwezi kuketi bure. Asubuhi ya kwanza nikatoka kuangalia. Nikaona mmea kama kitunguu chetu cha majani, lakini umetoa bua refu linalonifika kiunoni, na juu, pale ambapo kitunguu cha kawaida kingetoa maua na mbegu, kumejaa vitunguu vidogo vidogo. Vingine kama punje ya mahindi, vingine kama gololi. Vingine vimeshatoa majani ya kijani huko huko juu! Nikasema, ee Bwana, hiki ni nini, kitunguu kinachozalia kichwani?

Binti yangu akanieleza. Wenyeji hukiita kitunguu kinachotembea. Wengine hukiita kitunguu cha Misri, ingawa hakuna ushahidi kwamba kilitoka Misri. Ni mchanganyiko wa kitunguu cha kawaida na kitunguu cha majani. Ukishakipanda mara moja, hununui mbegu tena. Baridi ya kule inaweza kushuka nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi, majani yanakufa, theluji inafunika kila kitu, na theluji ikiisha kinaamka kabla ya mboga nyingine. Wakati huo unakata majani machanga, unatia kwenye mayai au kachumbari. Vile vidogo vya juu unavivuna bua likianza kukauka. Unavimenya na kuvipika, ama unaviweka kwenye siki. Cha chini unakichimba kiangazi kikiisha, lakini huchimbi vyote. Ukichimba vyote, umekula na mwaka kesho.

Basi wiki zikapita, na nikaona yale mabua yameanza kuinama. Vichwa vimekuwa vizito. Mimi nikaona hii ni hasara. Binti yangu alikuwa kazini zamu ya usiku, anatunza wazee. Nikatafuta vijiti, nikapasua kitambaa kikuukuu, nikavifunga vyote wima kama tunavyofunga nyanya. Kazi safi, mstari umenyooka. Nikangoja kusifiwa.

Aliporudi asubuhi alisimama pale akacheka kidogo. Akasema, "Baba, umevifunga. Vikisimama hivyo havitatembea."

Nikauliza, vinatembea vipi? Akaniambia: hivyo hivyo, kwa kuanguka. Bua linalemewa na uzito wa watoto wake, linainama mpaka chini, na wale watoto wakigusa udongo wanatoa mizizi pale walipoangukia. Mwaka unaofuata, nao wanasimamisha mabua yao, wanainama, wanaanguka mbele zaidi. Hivyo ndivyo kitunguu kisicho na miguu kinavyovuka shamba.

Halafu akanyamaza. Akasema, "Baba, hivi nilivipanda siku tuliyomzika mama."

Wapendwa, mazishi yalianza hapa saa tano asubuhi. Kule ilikuwa saa tisa usiku. Binti yangu alikaa peke yake jikoni akifuata kwa simu. Alisikia mahubiri, alisikia nyimbo. Ilipofika wakati wa kufukia kaburi, picha ikakatika, akabaki anasikia makoleo tu. Jirani yake, mama mmoja mzee, alikuwa amempa vitunguu hivyo vidogo kwenye mfuko wa karatasi. Kulipoanza kupambazuka alitoka nje akachimba. Alivifukia kina cha vidole viwili, shubiri moja kutoka kimoja hadi kingine. Aliniambia, "Nilitaka mikono yangu iguse udongo siku hiyo."

Na mimi nilikuwa nimesema pesa haishiki koleo.

Sikuwa na mahubiri. Nilipiga magoti pale kwenye kishamba, na si kwa maombi kwanza. Nilianza kufungua vile vitambaa, kimoja kimoja. Yeye akafungua upande wake. Tulipofika katikati nikamwambia, "Mama, nisamehe." Akasema, "Baba, nilishasamehe. Nilikuwa nangoja uje."

Fungua Biblia yako Matendo 8. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa limesimama wima, limenyooka, watu maelfu. Stefano akauawa, mateso yakaja, waamini wakatawanyika. Mtu wa nje angesema kanisa limeanguka. Lakini endelea mpaka sura ya 11. Wale waliotawanyika walifika Foinike, Kipro na Antiokia, na kila walipoangukia walinena Neno. Antiokia ikawa kanisa kubwa, na hapo ndipo wanafunzi walipoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Anguko la Yerusalemu lilikuwa hatua ya Injili. Na Bwana mwenyewe katika Yohana 12 alitufundisha habari ya punje ya ngano: isipoanguka chini, inabaki peke yake.

Sasa angalia mwisho wa sura hiyo ya 11. Njaa inatabiriwa, na ni nani anayetuma msaada kwa ndugu wa Uyahudi? Ni Antiokia! Mtoto aliyeangukia mbali anamlisha mama, kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Na sisomi mahali popote kwamba wazee wa Yerusalemu waliupokea ule mchango wakasema, "Mbona hamkuja wenyewe?" Mimi ndiye niliyesema hivyo.

Kuna mzazi hapa ana mtoto Qatar, ama Saudia, ama Mombasa tu, na amemfunga kijiti. Unasema, "Huyu alitutupa." Labda hakutupa, labda ni uzito wa familia yako uliomwinamisha, akaangukia pale Mungu alipotaka aote. Si wote, najua. Wako waliosahau nyumbani kweli, na kwa hao tunalia na kuomba. Lakini wewe umeuliza? Mimi miaka mitatu sikuuliza hata mara moja. Nilihukumu kesi nikiwa nimesikiliza upande mmoja, upande wangu.

Na nyinyi vijana mlio mbali, mnaosomewa gazeti hili kwa simu, neno lenu liko hapa pia. Kile kitunguu kidogo kikianguka, kinaanguka na bua lake. Hakijirushi. Bua linabaki limeshikana na mama huku mtoto anashika mizizi. Usilikate mapema. Zungumza na wazazi, hata wakiwa na maneno makali. Sema jambo lako lote, si pesa peke yake. Kama binti yangu angeniambia mapema alichofanya asubuhi ile, pengine ningevunjika mapema. Lakini simlaumu, mlango ulikuwa umefungwa upande wangu.

Siku niliyoondoka, mabua mengi yalikuwa yamelala. Mengine yalielekea ukuta, mengine yalielekea njia ya jirani. Mjukuu wangu aliniuliza, "Babu, mwaka kesho vitafika wapi?" Nikamwambia pima uone. Tuliweka jiwe pale kichwa cha mbali zaidi kilipogusa udongo.

Kazi ya wiki hii, wapendwa, ni moja. Kabla ya Jumapili ijayo, mpigie simu yule mtu. Usimpigie kwa ajili ya karo wala harambee. Muulize, "Siku ile, wewe ulikuwa wapi, na ilikuwaje kwako?" Halafu nyamaza, usikilize mpaka mwisho.

Tuombe. Baba katika jina la Yesu, tumefunga watu ambao wewe ulitaka watembee. Tupe mikono ya kufungua. Walinde watoto wetu pale walipoangukia, wape mizizi, na usiruhusu bua likatike. Uponye nyumba ambazo kaburi limeacha maneno yasiyosemwa. Na mimi mtumishi wako, usiniache nihubiri nisichokitenda. Amina.