Nani Mwenye Jibu?

Mimi huishi kwa kuuliza. Kampuni changa iliyoniajiri hapa Kakamega ina tovuti ya masomo ya marudio kwa wanafunzi wa sekondari, na kila muhula hunituma Khayega, Lurambi au Shinyalu nikakae na wazazi na watoto, niwatazame wakiitumia, niulize wanakwama wapi. Ofisini tunaiita utafiti wa watumiaji. Nyanya mmoja wa Shinyalu, ambaye nami namwita kukhu kama wajukuu wake wanavyomwita, huiita kazi ya kudadisi watu.

Kukhu anamlea mjukuu aliye kidato cha pili. Simu ni ya binti yake aliye Nairobi, aliyemwachia ili wawasiliane. Nilimpa tovuti afungue. Alifika ukurasa wa kujisajili, unaodai anwani ya barua pepe, akatazama, akasogeza kidole juu na chini, kisha akanirudishia simu kwa mikono miwili. "Iko sawa, mwanangu. Ni nzuri sana. Kunywa chai."

Je, kukhu alidanganya?

Kwangu mimi hilo si swali dogo. Nililelewa katika kanisa la Friends, yaani Waquaker, la wale Wamarekani waliofika Kaimosi mwaka 1902. Leo Kenya ina Waquaker wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, ingawa ibada zetu zina nyimbo na mahubiri, tofauti na wale wa Uingereza ambao wengi wao huketi kimya hadi mtu aguswe kunena. Waquaker wa mwanzo, karne ya 17, walikuwa wakali ajabu katika jambo la ukweli. Walikataa kula kiapo mahakamani, na sheria ya mwaka 1662 ikawaadhibu kwa hilo. Hoja yao ilikuwa kwamba anayeapa leo amekiri kuwa siku nyingine maneno yake hayana uzito uleule. Hata bidhaa waliziuza kwa bei moja tu, kwa kuwa kupatana bei waliona ni watu wawili kusemeana uongo hadi wachoke. Kwa kipimo hicho kukhu ameanguka, na soko zima la Kakamega limeanguka pamoja naye.

Nawaheshimu, lakini hapo siwafuati. Mama wa omena akiniambia mia mbili anajua kuwa najua si mia mbili, nami nikitaja themanini najua kuwa anajua. Hakuna aliyedanganyika, na uongo bila wa kudanganyika sijui ni uongo wa namna gani. Kukhu naye alilijibu kwa ukweli kabisa swali aliloliona yeye: kwamba mgeni amekuja kwake na kitu alichokitengeneza kwa jasho, na anataka kujua kama amepokewa. Amepokewa. Uongo ungezaliwa baadaye, ofisini, pale ambapo "iko sawa" ingegeuzwa mstari wa grafu ya walioridhika na kuonyeshwa kwa mwenye fedha zake.

Yupo mwanafalsafa wetu aliyeifanya kazi hii ya kudadisi kabla ya tovuti kuwapo. Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, tangu miaka ya 1970, aliwahoji wazee wenye hekima katika sehemu mbalimbali za Kenya kuhusu Mungu, kifo, usawa na haki, na mwaka 1990 akatoa kitabu juu ya falsafa hiyo ya wahenga. Aliona kwamba mzee akiulizwa mara ya kwanza hutoa yale ambayo jamii nzima ingesema. Wengine huishia hapo. Lakini wapo ambao ukiwapinga, ukiwauliza kwa nini, wanaondoka kwenye kauli ya wote na kuanza kufikiri mbele yako, hata wakaipinga mila yao wenyewe. Hao ndio aliowaita wanafalsafa.

Mnigeria Peter Bodunrin alimkosoa: matokeo ya mahojiano kama hayo, alisema, ni kazi ya wawili, mhenga na msomi aliyemchokoza. Alilisema kama dosari. Mimi naona ndiyo hali halisi ya jibu lolote, na kwamba Oruka hakupaswa kulionea haya. Kama jibu ni la wawili, basi dhambi ya jibu bovu nayo ni ya wawili, na sehemu kubwa humwangukia yule anayefaidika nalo. Mimi ndiye ninayelipwa mwisho wa mwezi. Kukhu hupewa kredo ya shilingi mia, ambayo nayo, nikisema kweli, humfanya azidi kuona tovuti ni nzuri.

Kwa hiyo niliacha kumwuliza kama ni nzuri. Nilimwuliza mara ya mwisho kijana alipokwama hesabu usiku ilikuwaje. Hapo akaketi vizuri. Kijana alilipiga picha lile swali akamtumia mama yake, mama hakujibu kwa kuwa alikuwa kazini, bando likaisha, simu ikazima, na asubuhi ikapelekwa dukani kuchajiwa kwa ada ambayo kukhu aliitaja kwa uchungu. Kijana akafika shule bila jibu. Katika simulizi yote hiyo hapakuwa na mahali ambapo somo letu lingeingia, liwe zuri au baya.

Kuna mwenzangu ofisini anayesema tungeokoa nauli ya bodaboda kwa kuhesabu tu nani kabofya wapi na kaondoka ukurasa upi, kwa sababu hesabu haina adabu ya kumficha mgeni. Ni kweli haina. Itamwonyesha kukhu kama mtu aliyekaa kidogo kwenye ukurasa wa kujisajili akatoka, basi.

Linalonikera zaidi ni fomu ya ridhaa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto, na ni sheria njema. Kukhu alitia sahihi kabla sijamaliza kuisoma. Ridhaa yake ilikuwa "iko sawa" ileile, imetiwa wino. Kama neno la adabu halitoshi kuthibitisha kuwa tovuti inafaa, litatoshaje kunipa haki ya kubeba habari za mjukuu wake? Sheria imeridhika, mimi bado. Siku hizi fomu hubaki kwenye mkoba hadi mazungumzo yaishe na mtu ajue amesema nini.

Kukhu naye aliniuliza swali moja tu. "Sasa ukishajua haya yote, utafanya nini?" Nilimweleza kwamba ukurasa wa barua pepe utaondolewa, watu wajisajili kwa namba ya simu. Akatikisa kichwa polepole. Kuhusu bando na chaji sikuwa na la kusema, naye hakunisukuma.

Niliahidi nitarudi na ripoti kabla haijaenda popote, nimsomee, akate asilolitaka. Kama jibu ni la wawili, mmoja hawezi kuliuza peke yake. Nilirudi. Alisikiliza yote, akacheka nilipofika pale yeye mwenyewe anaposogeza kidole, kisha akaniamuru nifute ile ada ya kuchaji. Mwenye duka ni mtoto wa mwenzake wa kanisani, na hataki watu wa ofisi wamdhanie mchoyo. Nikamwambia jina la duka halimo. "Kuna duka lingine hapa?" akaniuliza. Nikafuta. Bosi aliitaka sana ile namba, na mpaka leo huniuliza iko wapi.