Afichaye na Atafutaye

Wazee wetu walisema kuwa mficha uchi hazai, na kuwa mficha maradhi kifo humfichua. Kwa maneno hayo walituonya juu ya ubaya wa kuficha. Lakini wazee hao hao walituacha tucheze, jioni nzima, mchezo ambao kazi yake yote ni kujificha. Je, walijipinga wenyewe? La hasha. Twaona kwamba kuna kuficha kwa namna mbili, na kuzitambua si jambo dogo kwa watu wanaoishi pamoja.

Tuutazame kwanza mchezo wenyewe. Wengine huuita kibe. Wengine huujua kwa sura yake ya kombolela. Mmoja hufumba macho penye mti au ukuta, akahesabu, na wenziwe hutawanyika. Kila amwonaye humtaja jina, naye huwa mateka. Lakini ambaye hajaonekana aweza kuchomoka mafichoni, akawahi kituo kabla ya mtafutaji, na kwa tendo hilo akawakomboa wote waliokwisha kukamatwa. Hapana mwamuzi. Mwenye kuhesabu aweza kuchungulia kati ya vidole, wala hakuna atakayemwona, maana wote wamekwisha kumpa kisogo. Asipochungulia, ni kwa kuwa amejizuia mwenyewe. Hilo ni somo la kwanza la uaminifu, nalo mtoto hulipata bila ubao wala chaki.

Somo la pili tulilipata kwa uchungu. Jioni moja ya utoto wetu zamu ya kutafuta ilituangukia sisi. Tuliwapata wote ila mmoja, mdogo kuliko wote. Tukaitwa nyumbani kula, tukaenda, na wengine nao wakaenda zao. Mtoto yule alibaki migombani amejikunyata, akijisifu moyoni kwamba ameshinda. Giza likaingia, sala ya isha ikapita, ndipo mama yake alipoanza kuuliza nyumba hadi nyumba. Alipopatikana hakulia. Alituuliza tu, "Kwani mliacha kunitafuta?" Hatukuwa na jibu; na hata leo, mvi zikiwa zimetuanza, hatunalo.

Tangu siku ile tunajua kuwa ajifichaye huweka ahadi ya kupatikana, na atafutaye huweka ahadi ya kutafuta. Hata kitendawili kina ahadi hiyo: ategaye, akisha kupewa mji, hana ruhusa ya kuondoka na jibu lake.

Wala ahadi hii si yetu peke yetu. Tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kuzivuruga kwa makusudi ishara za setilaiti zake zitumiwazo na raia, na vyombo vya kuonyesha mahali, vilivyokuwa vikikosea kwa kadiri ya mita 100, vikawa vyakosea kwa mita 20 hivi au chini yake. Kesho yake, katika jimbo la Oregon, mtu aitwaye Dave Ulmer alificha ndoo msituni, akatangaza vipimo vya latitudo na longitudo vya mahali pale, ili yeyote atakaye aende akaitafute. Masharti yalikuwa mepesi: chukua kitu, weka kitu, andika katika daftari. Hazikupita siku nyingi ikapatikana. Kutokana na ndoo ile umezuka mchezo wa jiokashingi, unaochezwa leo kwa simu za mkononi katika nchi nyingi, za Afrika Mashariki zikiwamo.

Hatusemi kuwa mchezo huo ulitoka kwetu. Twasema kuwa msingi wake ni ule ule. Afikaye penye kopo yu peke yake. Aweza kuchukua asiweke, na aliyelificha hatamjua. Kinacholilinda kopo lile ni heshima ya mgeni kwa mgeni, na alivunjaye humdhulumu pia ajaye nyuma yake. Hata hivyo, jambo moja hatulioni humo: hamna mateka wa kukombolewa. Hilo kombolela yetu inalo.

Pengine mwanafunzi atasema kuwa haya ni michezo tu. Lakini katika miaka yetu ya utumishi tumeona uficho mwingine. Jalada la mzee anayedai kiinua mgongo chake huwekwa chini ya mengine, si kwa kupotea, bali kwa kungojea chai. Mzee huambiwa, "Njoo kesho." Hapo afichaye hataki kipatikane alichokificha, na atafutaye hana kituo cha kukimbilia. Nasi tuliokaa meza ya pili, tukijua jalada lilipo, tukanyamaza, tulikuwa nani? Tulikuwa yule mtoto aliyekwenda kula.

Basi kipimo ni chepesi, na mwalimu aweza kumpa hata mtoto wa darasa la kwanza: je, ukificha kitu, utafurahi kikipatikana? Ukifurahi, umecheza. Ukiogopa, umedhulumu. Na kwa yule ambaye hajakamatwa, salama katika maficho yake huku wenziwe wamesimama mateka, watoto wetu walikwisha kumwekea sheria zamani: atoke, akimbie, awakomboe.