Midundo Tu, Maneno Siyasikii



Kila Ijumaa baada ya Isha tunakutana sita au saba pale Biryogo, kwenye ile mitaa iliyofungwa kwa magari na kupakwa rangi. Tunaagiza chai ya nanaa na brosheti, halafu simu moja inawekwa katikati ya meza. Kila mtu analeta nyimbo mbili, moja ya zamani na moja mpya. Tunasikiliza, tunatoa alama kumi juu ya kumi, tunabishana. Kwa njia hiyo nimewajua Orchestre Impala waliowachezesha wazazi wetu, nimemsikia Cécile Kayirebwa na Franco, na nimesikia sifa za Bruce Melodie na lawama za Diamond kuliko nilivyoomba. Mwenzetu mmoja wa uhandisi ni mtu wa roki. Ndiye aliyetuletea Queen, na kutukumbusha kwamba Freddie Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Katika wimbo wao mkubwa wa mwaka 1975, Bohemian Rhapsody, linasikika neno Bismillah. Tulibishana karibu saa nzima kama inafaa jina la Allah kuwekwa mahali kama pale. Maneno mengine yote ya wimbo huo hakuna aliyeuliza yanasema nini.

Najua wapo watakaosema kikao chenyewe hakifai, na hoja zao si nyepesi. Wana Hadithi ya Bukhari inayotaja ala za muziki pamoja na pombe na hariri, na wana kauli ya Ibn Mas'ud (r.a.) juu ya aya ya sita ya Suratu Luqman. Upande wa pili yupo Ibn Hazm aliyepinga dalili hizo, na yupo Imamu Ghazali aliyeandika kitabu kizima juu ya kusikiliza ndani ya Ihya. Mzozo huo ni mkubwa kuliko mimi na siuamui hapa, na anayeshika rai ya kukataza asiisome makala hii kama ruhusa. Ninachotaka kusema ni kwamba hata walioruhusu hawakuruhusu kila kitu. Ghazali anahesabu mambo yanayoifanya ruhusa igeuke kuwa haramu, na mojawapo ni maneno yenyewe, yakiwa ya uchafu, ya matusi au ya uongo. Sheikh Qaradawi naye, katika kitabu chake cha halali na haramu cha mwaka 1960, aliweka sharti hilo hilo la maudhui. Mmoja anakukataza wimbo wote, mwingine anakuruhusu kwa sharti la maneno. Sijakutana na anayesema sikiliza upendavyo, mradi husikii kinachosemwa.

Na hicho ndicho tulichokuwa tukisema sisi.

Jioni moja mwenzetu alileta wimbo mpya wa rap, wa Kiingereza cha haraka cha mitaani. Besi yake ilitikisa vikombe. Tulikuwa tukigawana alama, wengi wakitoa tisa, mzee mmoja wa meza ya jirani alipogeuka na kutuuliza, "Wanangu, huyu anasema nini?" Tukatazamana. Wanafunzi wa chuo kikuu, tunaosomeshwa kwa Kiingereza kila siku, na hakuna aliyeweza kumjibu. Hatimaye mmoja wetu akasema, "Mzee wetu, sisi tunasikiliza midundo tu, maneno hatuyasikii." Mzee akacheka kidogo. Akasema, "Na sisi tulisema hivyo hivyo. Ile redio ilikuwa na muziki mzuri." Akalipa chai yake, akaaga, akaondoka. Hakutaja redio gani. Katika mji huu haikuhitaji kutajwa.

RTLM ilianza kurusha matangazo Julai 1993. Sisi tumeisoma shuleni kama redio ya chuki, kwa hiyo tunadhani aliyeifungua alijua anafungua chuki. Lakini waliokuwepo wanasimulia kwamba vijana waliifuata kwanza kwa sababu ya nyimbo na mizaha, kwa kuwa redio ya taifa ilikuwa baridi na hii ilikuwa na uhai. Maneno yalikuja yamepanda juu ya midundo. Na miongoni mwa nyimbo zilizopigwa humo zilikuwemo za Simon Bikindi, mtu ambaye hata wanaomlaani hawakatai kwamba alikuwa na kipaji kikubwa cha utunzi. Aliongoza kundi la Irindiro, akijua ngoma na ushairi wa Kinyarwanda kutoka ndani.

Kesi yake inafaa kusomwa na kila anayependa muziki. Alishtakiwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, kule Arusha, na hukumu ikasomwa tarehe 2 Desemba 2008: kifungo cha miaka 15 kwa kuchochea mauaji ya kimbari moja kwa moja na hadharani. Wengi wanadhani alifungwa kwa nyimbo zake. Sivyo. Majaji waliona kwamba nyimbo zake tatu ziliipotosha historia ya nchi na zilitumika katika propaganda, lakini haikuthibitishwa kwamba yeye ndiye aliyefanya zipigwe redioni mwaka 1994. Kilichomtia hatiani ni maneno aliyoyatamka kwa kipaza sauti ndani ya msafara wa magari, mwishoni mwa Juni 1994, kwenye barabara ya kati ya Kivumu na Kayove. Rufaa yake ilikataliwa mwaka 2010.

Nilipomweleza haya yule mwenzetu wa uhandisi, alifurahi. "Unaona? Hata mahakama imetenganisha. Wimbo si kosa." Nilikaa na jibu lake siku kadhaa, maana si la kijinga. Lakini mahakama ina kazi yake na mizani yake. Inatafuta mtu, kitendo na ushahidi usioacha shaka, na bila hivyo inamwachia mtu, na inafanya haki. Haikuulizwa kama mtu anayetikisa kichwa kwa utamu wa wimbo unaomdhalilisha jirani yake amefanya jambo dogo au kubwa. Swali hilo halina jaji wa Arusha. Limo katika Suratul Israa, aya ya 36, inayotuambia kwamba masikio, macho na moyo, vyote vitaulizwa. Masikio yametajwa mwanzo.

Je, ina maana kila neno baya ninalolisikia linaandikwa juu yangu? Siamini hivyo, na hapa ndipo Sunna ilipinisaidia kuliko nilivyotarajia. Zipo riwaya mbili zinazohusu jambo moja. Ya kwanza mnaijua: siku ya Idi, wasichana wawili wakiimba katika nyumba ya Bibi Aisha (r.a.), Abubakar (r.a.) akakemea, Mtume (s.a.w.) akamwambia awaache. Tunaitaja kila mara katika ubishi wa muziki, na mara chache tunataja walichokuwa wakiimba. Walikuwa wakiimba mashairi ya Bu'ath, vita ya Aws na Khazraj, makabila mawili ya Madina yaliyouana kabla ya Uislamu kuwafikia. Riwaya ya pili iko katika sira ya Ibn Ishaq. Mzee aitwaye Shas bin Qays aliwaona Aws na Khazraj wameketi pamoja kwa mapenzi, akaudhika, akamtuma kijana akae nao, awakumbushe Bu'ath na kuwasomea mashairi ya siku ile. Wakaanza kujigamba, wakapandishana, wakaitana kwenye silaha. Mtume (s.a.w.) akatoka haraka akawatuliza, wakalia na kukumbatiana.

Mashairi ya vita ile ile. Katika kikao kimoja yalikuwa nyimbo za mabinti siku ya Idi, watu wake wakiwa wameshakuwa ndugu. Katika kingine yalikuwa kiberiti. Nadhani hapa wanakosea wanaotaka orodha tu ya nyimbo safi na chafu, na wanakosea pia wanaosema wimbo ni sauti tu. Inabidi ujue maneno yanasema nini, kisha ujue uko wapi, umekaa na nani, na aliyeyaleta anataka nini. Mtu anayesema hasikii maneno amejinyima vyote hivyo kwa pamoja.

Kuna Hadithi nyingine katika Bukhari ninayoipenda zaidi. Rubayyi' bint Mu'awwidh (r.a.) anasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuja kwake asubuhi ya harusi yake, mabinti wakipiga dufu na kuwataja wazee wao waliouawa Badr. Mmoja akatia neno kwamba miongoni mwao yuko Nabii anayejua yatakayotokea kesho. Mtume (s.a.w.) akamwambia aliache hilo, aendelee na aliyokuwa akiyasema kabla. Hakuvunja shughuli, wala hakunyamaza kwa kuwa dufu lilikuwa zuri. Alikuwa akisikiliza. Alikamata sentensi moja, tena ya kumsifu yeye mwenyewe, akaitoa.

Mwenzetu mmoja, anayepika vizuri, alileta mfano wa pilau. Huhitaji kujua tabia za mpishi ili useme pilau ni tamu. Ni kweli. Ila maneno ya wimbo si tabia za mpishi. Maneno yamo ndani ya sufuria. Tabia za mpishi ni jambo jingine, na nikiwa mkweli, hilo ndilo tulilokuwa tukila zaidi. Nilijaribu kukumbuka vikao vyetu vya mwezi mmoja. Tulichambua nani kaachana na nani, nani ana mtoto nje, nani anatumia nini, nani hana pesa kama anavyojionyesha. Suratul Hujurat, aya ya 12, inakataza dhana, upelelezi na kusengenyana, na mfano wake wa nyama ya ndugu aliyekufa tunaujua tangu madrasa. Imamu Nawawi katika Riyadhu Swalihin anataja sehemu sita zinazoruhusu kumsema mtu asiyekuwepo, na mojawapo ni anayedhihirisha ubaya wake, lakini asemwe kwa kile alichokidhihirisha tu. Kilichodhihirishwa na msanii kwa hiari yake ni wimbo. Ameutoa mwenyewe, ameweka jina lake, anataka usikike. Huo una haki ya kukosolewa mpaka nukta ya mwisho. Sisi tuligeuza: wimbo tuliupa tisa bila kuuelewa, na nyumba ya mtu tuliipekua chumba kwa chumba.

Sitaki kujifanya kwamba sasa tumetengenea. Tuliweka kanuni moja: anayeleta wimbo aeleze kwanza unasema nini, kwa Kiswahili au Kinyarwanda, ndipo upigwe. Kanuni imeleta taabu. Nyimbo kadhaa ziliondoka zenyewe, kwa sababu mletaji aliona haya kutafsiri mbele ya wenzake kile alichokuwa akikiimba kwa sauti bafuni. Bongo Fleva ilituaibisha kuliko zote, maana huko hatuwezi kusingizia lugha. Lakini nyingine zilipanda thamani. Wimbo wa zamani wa Impala tulioupa sita, tuliposikilizishwa maneno yake taratibu, ulipata nane.

Yule wa uhandisi bado anabisha. Ijumaa iliyopita alileta wimbo wa gitaa mtupu, dakika tano, hauna neno hata moja. Akauweka mezani, akajiegemeza kwenye kiti, akasema, "Haya, tafsirini." Tulicheka sana. Kisha mmoja akauliza kama hata sauti tupu inaweza kumfanya mtu awe laini au awe mkali, na tulikuwa bado hatujamaliza mwenye hoteli alipoanza kukusanya viti.