Zama Hazina Kinywa

Mpwa wangu anasoma historia chuo kikuu. Muhula uliopita aliandika insha juu ya Wahispania huko Amerika, akahitimisha kwamba Hernán Cortés na Francisco Pizarro walikuwa waporaji na wauaji. Insha ilirudi na wino mwekundu pembeni: tusiwahukumu watu wa kale kwa mizani ya leo. Alama zikakatwa. Alipokwenda kuuliza, akaambiwa kuwa mwanahistoria si hakimu. Binti wa watu akanywea, akaomba radhi. Mimi sikunywea.

Mwalimu yule hakuibuni hoja hiyo. Mwaka 2019, Rais Andrés Manuel López Obrador wa Meksiko alimwandikia Mfalme Felipe wa Sita akitaka Uhispania ikiri maovu ya uvamizi na kuomba radhi. Serikali ya Madrid ilikataa, ikasema yaliyotendeka miaka mia tano iliyopita hayawezi kupimwa kwa fikra za sasa. Mfalme mwenyewe hakujibu, na mwaka 2024 Rais Claudia Sheinbaum akala kiapo bila kumwalika. Kumbe kauli iliyomnyima mpwa wangu alama ndiyo hiyo hiyo iliyowanyima Wameksiko jibu.

Sitakawia kwenye tafsiri. Haki ni kumpa kila mtu kilicho chake, na dhuluma ni kumnyang'anya. Anayetaka zaidi ya hapo amsome Aristotle. Ninachouliza ni kimoja: je, zama zinaweza kumtakasa mtu?

Zipo hoja nyingine zenye uungwana, nami nazikubali upesi. Ni kweli kwamba ndui na maradhi mengine yaliua watu wengi kuliko panga. Ni kweli kwamba mwaka 1521 Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, iliangushwa pia na maelfu ya Watlaxcala waliochoshwa na ubabe wao. Hoja hizo zinaigawa lawama. Hii ya zama inataka kuifuta yote kwa mkupuo mmoja, tena kwa sauti ya unyenyekevu, kana kwamba anayekataa kuhukumu ni mstaarabu kuliko sisi wenye hasira.

Basi tuifuate huko huko inakodai kutoka. Desemba 1511, katika Jumapili ya mwisho ya Majilio, mtawa wa Kidominiko aitwaye Antonio de Montesinos alipanda mimbarini Santo Domingo. Waliomsikiliza ni wakubwa wa kisiwa, akiwemo Diego Colón, mwana wa Columbus. Akawaambia wamo katika dhambi ya mauti kwa namna wanavyowatesa Wataino, wenyeji wa kisiwa hicho, migodini na mashambani, akawauliza kama viumbe hao si watu wenye roho na akili. Wakubwa wakaja juu, wakamtaka aifute kauli. Jumapili iliyofuata akapanda tena, akairudia. Ilikuwa miaka 19 tu tangu Columbus atie nanga, na Cortés alikuwa bado hajaikanyaga Meksiko.

Wala mtawa huyo hakubaki peke yake. Mwaka 1537 Papa Paulo wa Tatu alitangaza kwamba wenyeji wa Amerika ni watu kamili, na kwamba haijuzu kuwanyima uhuru na mali zao, hata kama si Wakristo. Mwaka 1539 Francisco de Vitoria alisimama mbele ya wanafunzi wake Salamanca akawaambia kwamba Kaisari si bwana wa dunia nzima. Mwaka 1542 sheria mpya za mfalme zilipiga marufuku kuwafanya wenyeji watumwa. Mwaka 1550 Kaisari Karolo wa Tano aliamuru uvamizi mpya usimame, wakati Bartolomé de las Casas, mtetezi wa wenyeji, na Juan Ginés de Sepúlveda wakibishana Valladolid kama vita hivyo ni vya haki. Sasa nani aliyeichukua mizani ya leo akaipeleka Valladolid?

Hapo mwenye hoja hukimbilia hesabu. Hao walikuwa wachache, husema, na zama hujulikana kwa walio wengi. Jibu hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Wengi wa nani? Kama tunahesabu watu, basi tuwahesabu na Wataino, Wanahua, Wamaya na Wakechua, ambao nao waliishi karne hiyo hiyo na walikuwa na rai yao juu ya kuchomewa nyumba. Zama hazina kinywa; daima kuna mtu anayezisemea. Anayesema "watu wa wakati ule waliona ni sawa" ameshaamua, kabla hata ya kesi kuanza, kwamba watu ni wale walioshika upanga.

Tena hata hao washika upanga hawakuwa na utulivu wa mtu asiyejua. Mwaka 1513 mwanasheria wa mfalme, Juan López de Palacios Rubios, aliandika tamko la kusomewa wenyeji kabla ya kushambuliwa: mkubalini Papa na mfalme, la sivyo tutawapiga vita, tutawafanya watumwa, na lawama itakuwa yenu. Lilisomwa kwa lugha ambayo wasikilizaji hawakuielewa, mara nyingine mbele ya vijiji vitupu, na karani akaandika ushahidi kwamba limesomwa. Asiyejua kwamba anadhulumu hahangaiki kutafuta karani wa kushuhudia kwamba hadhulumu. Na zile sheria za 1542 zilipofika Peru, walowezi wakaasi, na mwaka 1546 wakamkata kichwa Blasco Núñez Vela, mwakilishi wa mfalme aliyekwenda kuzitekeleza. Hao walizisikia hoja, wakazielewa vizuri sana.

Nikifika hapa siwezi kumpita Felipe Guaman Poma de Ayala, mtu ninayemrudia kila nikichoka na wasomi. Huyu mwenyeji wa milima ya Andes alimaliza, mnamo 1615, barua ya kurasa karibu 1,200 kwa Mfalme Felipe wa Tatu. Aliiandika kwa Kihispania kilichochanganyika na Kikechua, akatia michoro yake 398. Katika mmoja, Mwinka anamuuliza Mhispania kama dhahabu hii ndiyo chakula chake. Kurasa kwa kurasa anawashtaki mapadri, mahakimu na wenye migodi, kisha anampa mfalme ushauri wa namna ya kutawala. Haijulikani kama mfalme aliiona. Mwaka 1908 ilikutwa kwenye maktaba ya kifalme Copenhagen.

Mfalme huyo huyo ndiye aliyekuwa pia mfalme wa Ureno, kwa kuwa mataji mawili yaliunganishwa kuanzia 1580 hadi 1640, na Ngome ya Yesu ya Mombasa ilijengwa katika kipindi hicho. Mwaka mmoja hivi kabla Guaman Poma hajamaliza barua yake, Sultani Hasan bin Ahmad wa Mombasa, aliyekuwa amekosana na nahodha wa ngome, aliuawa, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Kwa hiyo Mombasa na Andes zilikuwa na malalamiko kwa kiti kimoja cha enzi, bila kujuana. Naona raha isiyo na faida kuwaza kwamba wangeweza kuandikiana.

Turudi. Las Casas, shujaa wa hoja yangu, naye alipendekeza Waafrika waletwe visiwani kama watumwa ili Wataino wapumue. Wenye hoja ya zama hunikumbusha hilo kwa furaha. Lakini uzeeni aliandika kwamba utumwa wa Waafrika ulikuwa dhuluma sawa na ule mwingine, akajilaumu. Alijihukumu ndani ya zama zake, kwa mizani aliyoikuta humo humo.

Kuwahukumu wafu, basi, kunawezekana. Ugumu uko kwa walio hai. Uhispania huadhimisha tarehe 12 Oktoba kama sikukuu ya taifa. Anayerithi fahari atakataaje kurithi aibu? Lakini López Obrador naye alikuwa mjukuu wa Mhispania upande wa mama, na mwaka 2021 aliwaomba radhi Wayaki, wenyeji wa kaskazini mwa Meksiko, kwa maovu waliyotendewa na dola ya Meksiko yenyewe. Oktoba 2025 waziri wa mambo ya nje wa Uhispania alikiri kwamba wenyeji walipata maumivu na dhuluma. Wengine waliona imetosha, wengine waliona ni maneno matupu, nami nimezielewa pande zote mbili, jambo ambalo halinifurahishi.

Maana kanuni ya fahari na aibu, nikiitoa Madrid, itanifuata hadi pwani. Najivunia misikiti ya mawe ya Kilwa kana kwamba niliijenga mimi. Nikitajiwa mashamba ya karafuu ya Unguja na watumwa waliolimishwa humo, jibu la kwanza linalonijia mdomoni ni kwamba hizo zilikuwa zama zao. Sijapata njia ya kulikataa jibu hilo kwa Wahispania na kulibakiza kwa ajili yetu.