Kijana wa Mbezi Luis, Anga Nalo ni Lako

Simama nje ya Stendi ya Magufuli saa saba mchana, utazame juu. Mwewe anazunguka juu ya mabati, anazidi kupanda, na bawa hata halipigi. Jua limeichoma lami, hewa ya moto inapanda, naye amejikalia juu yake. Parachuti za kurukia mlimani zinaruka vivyo hivyo: hazina injini wala mafuta. Ni bawa la kitambaa, kamba, na mtu anayejua kuusoma upepo.

Wewe uliyekulia Mbezi ulianza kuusoma zamani. Ulitengeneza tiara kwa mfuko wa rambo na njiti za chelewa. Mkia ukiwa mfupi inapiga mbizi, ukiuongeza inatulia. Sasa nani kakwambia kuruka ni mambo ya Wazungu?

Mwaka 2013 marubani wa parachuti hizo kutoka nchi nyingi walipanda Kilimanjaro, mita 5,895, wakiwa na kibali cha kuruka kutoka kileleni, ndani ya hifadhi yetu ya taifa. Mizigo ilipanda kwa migongo ya wapagazi wetu. Hali ya hewa ikagoma, wengi wao wakashuka kwa miguu. Sioni aibu hapo. Rubani anayejua kughairi ndiye anayezeeka. Kinachoniuma ni ile migongo. Kijana anayeweza kufikisha bawa la mwenzake kwenye barafu, lake atashindwaje kulivaa?

Tena si Kilimanjaro tu. Kule Iten, Kenya, ukingoni mwa Bonde la Kerio, marubani wa Ulaya hufuata joto la Januari hadi Machi wakapande na hewa kama yule mwewe.

Lakini jifunze kwa adabu. Mwaka 2019 rubani wa Canada alifia palepale Kilimanjaro. Usijaribu na turubai juu ya paa, wala usirukie Mbezi: anga la Dar lina ndege za abiria. Tafuta mwalimu mwenye leseni, uanzie kwenye kilima kidogo chenye nyasi, upepo ukiwa usoni, kofia ngumu kichwani. Hifadhini huruki bila kibali.

Anza na nauli ya kwenda huko Kilimanjaro. Weka kidogo kila wiki, usiiguse. Mabasi ya Moshi yanaondokea hapohapo stendi kwenu, alfajiri.