Baada ya Parapanda, Changizo

Wiki hii fungueni Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, msome sura ya 15 yote, mistari yake 58. Paulo anaanza na Kristo aliyekufa, akazikwa, akafufuka, akaonekana na watu zaidi ya 500 kwa mara moja. Anamaliza kwa parapanda ya mwisho na mauti kushindwa. Hapo wengi wetu hufunga Biblia.

Msifunge. Paulo alipokuwa akiandika kutoka Efeso hakugawa sura. Mgawanyo huo ulikuja karne ya 13. Waliosomewa waraka ule Korintho walisikia parapanda, na kabla haijawatoka masikioni wakasikia habari ya changizo: kila siku ya kwanza ya juma, kila mtu aweke akiba kadiri ya mafanikio yake, kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu.

Wapo wanaodhani Paulo ameshuka kutoka mbinguni hadi kwenye mambo ya fedha. Mimi naona bado anazungumza jambo lile lile. Mstari wa 58 umeshasema kwamba taabu yetu katika Bwana haipotei. Kama Mungu ataufufua mwili, basi mwili wa ndugu mwenye njaa si kitu cha kutupa. Mkate unaoingia tumboni mwake unaulisha mwili ambao Mungu hajaukatia tamaa.

Kutenganisha tumaini na mkate si jambo geni. Thesalonike walikuwapo walioacha kazi, wakashinda wakijishughulisha na mambo ya wenzao. Paulo, fundi wa mahema aliyefanya kazi pamoja na Akila na Prisila, aliwakemea waziwazi. Na sisi tusidhani hayo ni ya kale. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilianza kufukuliwa miili ambayo idadi yake ilipita 400, watoto wakiwamo. Uchunguzi ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa. Waliambiwa kufunga ndiyo njia ya kumfikia Yesu. Nasema haya kwa uchungu, kwa kuwa maneno waliyoambiwa ni yetu: mbingu, kurudi kwa Bwana, uzima wa milele. Tumaini linalomnyima mtoto uji halikutoka kwa Yule aliyewalisha watu nyikani, na baada ya kufufuka akawaokea wanafunzi wake samaki ufuoni.

Hivi karibuni tulimzika mume wa mama mmoja wa jumuiya yetu. Tulizika Alhamisi. Jumamosi alfajiri tukasali kwake, turubai la msiba bado halijashushwa. Wakati wa michango kwa ajili ya mtoto mgonjwa aliyelazwa, kijana mwenye daftari alisoma majina, na alipofika kwa mama yule akaliruka jina lake kwa huruma. Mama akainua uso.

“Mwanangu, mbona hujanisoma?”

Kijana akababaika, akasema tulidhani apumzike kwanza. Mama hakujibu. Akavuta pindo la kanga, akalifungua fundo kwa meno maana vidole vilikuwa vinatetemeka, akatoa noti ya shilingi elfu mbili iliyokunjwa mara nne. Akainyoosha juu ya goti, taratibu, pembe kwa pembe.

“Baba yenu tutaonana naye,” akasema. “Huyo mtoto aliyelazwa, jana nani alimpelekea chakula?”

Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa amekwenda.